Barua ya wazi kwa Mheshimiwa aliyetuahidi hogu

Mheshimiwa,

Salaam aleikum. Natumai u buheri wa afya, na kwamba kiyoyozi cha ofisini kinafanya kazi, maana joto la Mombasa siku hizi halimstahi mtu. Jina lako sitaliandika, wala cheo chako. Unajijua, na vijana wa taekwondo huku Kisauni, ambao bado wanazisubiri hogu (fulana za kinga za kifuani) ulizotuahidi, wanakujua. Nilikuwa nikikuandikia barua za kawaida, za bahasha. Karani wako ni mtu wa adabu sana: huipokea, huigonga mhuri, na safari ya barua huishia hapo. Hii nimeona nisimsumbue.

Iliyonifikisha hapa ni Jumamosi iliyopita. Tulikuwa Nairobi kwenye mchujo. Binti yetu mmoja, wa uzito wa chini ya kilo 49, alimpiga mwenzake teke la ubavuni, kishindo kikasikika hadi kwa mama aliyekuwa akiuza maji mlangoni. Ubao wa pointi: sifuri. Akapiga tena, sifuri. Yule mwenzake, ambaye mateke yake hayakuwa na lolote la kutisha, akanyanyua mguu wa mbele, akaubandika kifuani pa binti yetu, akasukuma: mbili. Akabandika tena: nne. Raundi mbili zikaisha hivyo, na kwa kanuni za sasa ukishapoteza raundi mbili kati ya tatu unafunga mkoba. Alipotoka ulingoni aliniuliza, "Kocha, mbona langu halihesabiwi?"

Nikuelezee, Mheshimiwa, kwa sababu nadhani hapa ndipo tulipopotezana. Ile fulana nene wanayovaa kifuani, hogu, ya mashindano ya siku hizi ina sensa ndani. Soksi nazo zina vipande vya kuitika sensa hizo. Teke lihesabiwe, sharti soksi iguse mahali panapohusika, tena kwa nguvu iliyowekwa kulingana na uzito wa wachezaji. Teke la kiwiliwili ni pointi mbili, la kichwa tatu. Ukizunguka kwanza, nne na tano. Ngumi bado inaamuliwa na macho ya waamuzi, nayo ni pointi moja. Kwa hiyo mtoto anaweza kupiga kwa muundi, kwa kishindo cha kutikisa ukumbi, na mashine isiandike kitu. Wenye hogu hizo mazoezini wanajua mguu uingie vipi, uguse wapi, usukumwe kiasi gani. Wetu wanafanyia mazoezi hogu za sponji zilizozungushwa selotepu. Wanajifunza mchezo ambao haupo tena.

Na huu mchezo wa sensa haukuja jana. Beijing 2008 Sarah Stevenson wa Uingereza alimpiga Chen Zhong wa China teke la kichwa, waamuzi hawakuliona, mpaka matokeo yakaja kugeuzwa baada ya video. London 2012 hogu za elektroniki zikaingia Olimpiki, na Rio 2016 hata kofia zikatiwa sensa. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi. Watoto wangu wengine hawakuwa wamezaliwa.

Sasa nikukumbushe ile siku ya sherehe pale uwanjani, usije ukasema hukuwepo, picha zipo. Ulivishwa dobok, ile sare ya taekwondo, juu ya suti. Ukapasua ubao kwa teke moja, watu wakashangilia. (Ubao ule tulikuwa tumeukata kwa msumeno upande wa nyuma tangu asubuhi, Mheshimiwa. Tulikustahi.) Ukashika maikrofoni, ukasema vijana hawa ndio watakaoleta medali Pwani, na kwamba seti ya vifaa vya elektroniki pamoja na mikeka ya kuchezea itafika kabla ya Ramadhani. Ramadhani ipi hukusema, na sisi kwa heshima hatukuuliza. Zimepita, tumefunga, tumefungua.

Tangu hapo ni danadana. Nenda kwa fulani, fulani yuko semina. Rudi baada ya bajeti. Bajeti imepita, subiri ya nyongeza. Nimeambiwa pia, na ushahidi sina, kwamba mikeka ilinunuliwa kweli ila ikaishia kutandikwa kwenye hema la wageni mahali fulani. Labda ni uongo wa mtaani. Labda pia ni kwamba taekwondo haina kura: mpira una mashabiki elfu, sisi tuna wazazi na mwenye kiosk. Mwenyewe nashuku hili la kura.

Mimi ni fundi friji. Siku za mashindano kazi hulala na wateja huhamia kwa wengine, wala siwalaumu, samaki wao hawangojei medali. Vifaa vinalala sebuleni kwangu, kwa hiyo mgeni akija anakalia begi la kofia. Mke wangu alikuwa akilalamika, siku hizi ananyamaza, na hilo ndilo linanitisha zaidi. Nauli ya Nairobi safari hii ilitoka kwenye pesa za kompresa ya mteja ambaye bado hajui, na akisoma hapa basi tutakutana. Ukumbi tuliokuwa tukitumia umekodishwa kwa harusi kila wikendi, tunafanyia mazoezi kwenye saruji ya uani kwa jirani. Mtoto akianguka kwenye saruji anaamka na goti jekundu, halafu mama yake ananipigia mimi simu. Hakupigii wewe.

Najua utasema Kenya ni nchi ya mbio. Ni kweli, Paris 2024 tulirudi na medali 11, zote za riadha. Kwenye taekwondo hatukuwa na mtu hata mmoja. Milka Akinyi alikuwepo London 2012, Faith Ogallo akawepo Tokyo, mashindano ya 2020 yaliyofanyika 2021. Lakini watu wengine wa bara hili wamefanya nini kwa mchezo huu huu? Gabon haikuwa na medali yoyote ya Olimpiki mpaka Anthony Obame alipofika fainali London. Walitoka 9 kwa 9 na Mwitaliano Carlo Molfetta, akaikosa dhahabu kwa uamuzi wa waamuzi, akarudi na fedha. Ivory Coast hawakuwa na dhahabu yoyote mpaka Cheick Sallah Cissé, Rio 2016, akiwa nyuma kwa pointi, akazungusha teke la kichwa sekunde ya mwisho kabisa dhidi ya Mwingereza. Ruth Gbagbi akaongeza shaba Rio na nyingine Tokyo. Niger wana fedha ya Abdoulrazak Issoufou. Paris, Firas Katoussi wa Tunisia akachukua dhahabu ya kilo 80. Niger, Mheshimiwa! Hao Niger hawatushindi utajiri.

Na kwetu Kenya, dhahabu ya Olimpiki isiyo ya riadha ni ile moja ya Robert Wangila kwenye ndondi, Seoul 1988. Michezo hiyo hiyo ndiyo taekwondo ilipoonyeshwa mara ya kwanza, kabla ya kuwa mchezo kamili wa medali Sydney 2000. Kwa hiyo ngumi na mateke si mambo mageni kwetu.

Mlango wenyewe ni mwembamba. Mchujo wa Afrika wa kwenda Paris ulifanyika Dakar Februari 2024, na kila uzito walipita wawili tu. Wawili, bara zima. Los Angeles 2028 taekwondo imo, na kwenye mchujo wake, popote utakapofanyika, hakuna atakayempa mtoto wa Kisauni hogu ya sponji amwambie haya cheza.

Nilikuwa na orodha ndefu: ukumbi, mikeka, nauli, lishe, bima, kofia za watoto wadogo, mtu wa huduma ya kwanza. Ifute yote. Usitujengee akademi, usituitie waandishi wa habari, usituletee fulana zenye picha yako. Tunaomba seti moja. Hogu mbili za elektroniki, nyekundu na buluu, kofia zake mbili, soksi za saizi tofauti, na kile kifaa cha kupokea pointi. Nitaitunza mwenyewe, nitaisainia, na klabu za Likoni na Changamwe zitakuja kuitumia kwa zamu, tumeshakubaliana. Na kama seti ilishanunuliwa na iko kwenye stoo fulani, nipe ufunguo tu, nitaibeba kwa tuktuk.

Mchujo mwingine uko njiani na yule binti ameshaniuliza kama tunakwenda. Nimemwambia nasubiri jibu lako. Namba yangu iko kwenye kila barua aliyoigonga mhuri karani wako.

Wako, bado kwa heshima,
Kocha wa mtaa, Kisauni