Nyoka Wawe wa Mwisho

Kisumu, Jumapili jioni

Mpendwa Chebet,

Salamu nyingi, na za mama zifike pia. Ujumbe nimeuona: wanafunzi 90 wa Gredi 7, mabasi mawili, kutoka Nakuru alfajiri, kuona makumbusho ya hapa Kisumu na kurudi jioni. Dadangu, nani amekupangia ratiba hiyo? Otieno? Nilijua tu.

Watafika kama saa nne, njaa inawauma, na wakishaona banda la nyoka hawasikii lingine. Nyoka wawe wa mwisho, tafadhali. Waanze na Ber-gi-dala, lile boma la Kijaluo lenye nyumba za wake watatu na ya mwana mkubwa. Kabla hawajaingia, mpe kila mmoja karatasi iliyochorwa ua na lango tu, abashiri: nyumba ya mke wa kwanza iko wapi? Ghala je? Ya mwana? Kisha watembee wakijisahihisha. Aliyekosea hasahau tena kwamba nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, hutazama lango, na ya mwana mkubwa iko karibu na lango. Asiyebashiri atanakili vibao neno kwa neno, na huo ndio ugonjwa wa ziara zetu: daftari limejaa, macho hayakuona kitu.

Tena 90 wakiwa kundi moja, wa nyuma husikiliza migongo ya wenzao. Gawa makundi matatu ya 30, dakika 40 kila kituo, wazunguke. Hapo kundi moja halikwepi kuanza na nyoka, basi liwe lile la watundu zaidi, wakishashiba msisimko watatulia. Barua ya kuomba nafasi itaje gredi, idadi na mada. Ukiandika “ziara ya masomo” tu, mwelekezi atawapa maelezo ya watalii.

Lakini kwa nini Kisumu kwanza na Hyrax Hill, kile kilima cha mabaki ya kale, iko mlangoni pako? Mary Leakey alichimba pale mwaka 1937, na wengi wa Nakuru huipita wakienda Nairobi. Kuna mabao ya mchezo wa bao yaliyochongwa mwambani. Wahesabu mashimo kabla ya kuambiwa ni ya nini. Mashimo makubwa ya Wasirikwa, wafugaji wa kale, ni magumu zaidi kuyaelewa, maana nyasi zikimea mtoto haoni ila kibonde. Wasimame ukingoni, wapime upana kwa hatua, watafute mlango upande wa mteremko. Kando yake kuna tuta la samadi na taka zilizozolewa ndani. Wakiliona, watasema wenyewe kwamba ni zizi.

Na kagua mifuko kabla ya kupanda basi! Vipande vya obsidiani, lile jiwe la volkano kama kioo, vinang’aa, wanavipenda. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 ipo, ila sababu huwaingia zaidi: kipande kikihamishwa hakisemi tena kiliachwa na nani wala lini.

Yale maswali 40 ya Otieno yapunguze yawe matatu. Akinuna, anune.

Sasa niambie: mwalimu mkuu ameshakubali? Wazazi watachanga, au shule inalipa? Yule kijana wa kiti cha magurudumu atapandaje kilimani, au kundi lake lianzie chumba cha maonyesho? Na walimu wangapi watakuja kweli, si wale wa kubaki kwenye basi?

Nijibu kabla ya Ijumaa.

Wako,
Wafula