Viatu vya Jumapili ya tatu

16 Desemba 2024

Shoga yangu wa tangu utoto,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nimesimama mlangoni, ya pili nimekaa. Hilo la mzee wenu wa kanisa kulibeba shada la mishumaa mpaka stoo kabla watu hawajaingia ibadani limenichekesha, halafu nikaona aibu kwa kucheka. Unasema aliwaambia vijana, "Baba zetu hawakuadhimisha siku." Na wewe, kama kawaida yako, ukanyamaza mbele yake, hasira yote ukanitumia mimi kwa barua.

Sasa nitakukera. Mzee wenu hakosei, angalau kwa nusu. John Knox na wenzake walipoandika utaratibu wa kanisa la Uskoti mwaka 1560, Krismasi waliitia kwenye orodha ya siku ambazo Maandiko hayakuziagiza. Mwongozo wa ibada uliotoka kwenye baraza la wanateolojia la Westminster, London, mwaka 1645 ukakaza zaidi: chini ya Injili hakuna siku iliyoamriwa kuwa takatifu ila siku ya Bwana, na hizo sikukuu nyingine zisiendelezwe. Unajua Krismasi ilianza lini kuwa siku ya mapumziko ya kitaifa huko Uskoti? 1958! Wapresbiteri wa zamani, baba zetu hao, waliamka tarehe 25 Desemba wakaenda kazini, na wala hawakujiona wamepungukiwa na kitu.

Nusu ya pili ndiyo umpelekee, lakini kwa adabu. Ungamo la Pili la Helvetiki, yaani la Uswisi, la mwaka 1566, ambalo nalo ni la jamaa zetu wa Matengenezo, linasema makanisa yakikumbuka kuzaliwa kwa Bwana kwa uhuru wa Kikristo, ni jambo jema sana. Kwa hiyo ugomvi wenu wa stoo ni ugomvi wa ndugu wa nyumba moja, na una zaidi ya miaka 400. Paulo naye aliukuta wa namna hiyo kule Rumi, akaona kila mtu aridhike katika nia yake mwenyewe, asimhukumu mwenzake.

Na hilo shada, mwambie lilikotoka. Mwanateolojia mmoja Mlutheri, Johann Hinrich Wichern, alikuwa na nyumba ya kulelea watoto maskini pale Hamburg. Watoto walikuwa wakimsumbua kila siku, Krismasi lini, Krismasi lini. Mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipachika mishumaa midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili, wawe wanahesabu wenyewe. Basi. Halikutoka kwa askofu wala kwenye mtaguso, lilitokana na kelele za watoto. Namfahamu mzee wenu kupitia barua zako tu, lakini nahisi akisikia habari ya gurudumu la mkokoteni atalegea kidogo.

Huku kwetu shada liko mezani na hakuna aliyeligusa. Majilio, yaani majuma ya kungojea Krismasi, tumeyaanza tarehe 1 mwaka huu. Uliniuliza mbona mwaka jana tulichelewa hadi tarehe 3: Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, kwa hiyo huweza kuangukia popote kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Ndiyo maana mwaka jana mshumaa wa nne tuliuwasha asubuhi ya tarehe 24, na usiku huohuo tukarudi kuwasha ule mweupe wa Kristo. Mashemasi walilala wamevaa viatu.

Ndiyo, mashemasi. Sijakwambia. Mkutano wa washirika ulinichagua, nikapigishwa magoti na kuwekewa mikono mbele ya kanisa zima, na kitu pekee nilichofikiria wakati ule ni soksi yangu iliyotoboka kisigino. Usicheke. Wazee wanaongoza, sisi kazi yetu ni ile ya meza na wajane ya Matendo sura ya 6, na mwezi huu hakuna kulala.

Kwaya, kama unavyoijua, ilitaka nyimbo za horini tangu Jumapili ya kwanza. Mchungaji akakataa: "Mtoto hajazaliwa, mnambembeleza nani?" Wakanuna wiki nzima. Lakini mimi niko upande wake. Jumapili ya kwanza tumesoma Luka 21, ishara katika jua na mwezi, mataifa yakishangaa kwa uvumi wa bahari, na hapo ukimleta mtoto horini unakuwa umeruka kurasa. Nimependa kwamba Majilio yetu yanaanzia mwisho wa dunia. Mtu aliyefiwa mwaka huu anaweza kukaa kwenye ibada ile bila kulazimishwa kutabasamu.

Alhamisi iliyopita tulikwenda na mchungaji kwa wale wasiotoka nyumbani, mkate na kikombe ndani ya kikapu, mimi nimekumbatia vitabu vya nyimbo. Yule mzee aliyekuwa akitupigia jicho tukizungumza ibadani utotoni, unamkumbuka, sasa hawezi kugeuka kitandani bila kusaidiwa. Tukaimba ubeti wa kwanza. Akainua kidole, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mmeanza juu mno." Tukaanza upya, chini. Akaimba besi hadi mwisho.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya nichukue kalamu.

Kila Majilio tunatundika vijikaratasi kwenye tawi kavu pale mlangoni. Kila karatasi ina mahitaji ya mtoto mmoja, haina jina, ina namba tu. Unachuma, unanunua, unaleta kabla ya Jumapili ya pili, haijafungwa kwa karatasi za zawadi. Sisi tunawapa wazazi katikati ya wiki, wafunge wenyewe na wawape watoto wao kwa mikono yao. Daftari la namba na majina linakaa kwa shemasi mmoja tu, na huyo si mimi.

Mwaka huu lilizuka pendekezo kwamba majina ya watoaji yasomwe ibadani, pale baada ya mahubiri, wakati wa sadaka, ili wengine wahamasike. Pendekezo likaenda baraza la wazee. Nilikuwepo kwa sababu mashemasi tulitakiwa kutoa taarifa. Wakazungumza, wakazunguka, mweka hazina akasema Desemba ndiyo mwezi anaopumua, na ahadi za mwaka ujao bado ni chache, kwa hiyo lolote litakaloamsha watu yeye analiunga mkono. Ndipo mama mmoja mzee wa kanisa, ambaye siku nzima hakuwa amefungua kinywa, akauliza: "Sawa, mimi nisomwe nimetoa. Na aliyepokea asomwe baada yangu, au?" Ukimya. Mchungaji, akiwa mwenyekiti, akaitisha kura. Pendekezo likaanguka, na nadhani hata aliyelileta hakulipigia.

Nami nikatoka pale najiona mtetezi wa siri. Nikachuma karatasi yangu kwa majivuno. Mvulana, miaka 7, viatu vyeusi vya shule vya nambari 31.

Shoga, ile 7 ilikuwa imekatwa na kistari katikati, na mkia wake umepinda kama ndoana. Naijua ile 7. Naiona kila mwezi kwenye orodha ya zamu ya usafi, kwa sababu mwenye mkono ule na mimi tunapiga deki pamoja. Anakaa benchi la mbele yangu. Mtoto wake nimekuwa nikikitazama kisogo chake tangu hajaota meno.

Ningeirudisha. Kanuni inataka uirudishe. Sikuirudisha, na sababu yangu haikuwa nzuri kama ningependa uamini: nilitaka kuwa mimi. Nikanunua, nikaviweka kwenye meza ya stoo pamoja na vingine, nikawa nakwepa macho ya yule mama kana kwamba nimemwibia. Nilipiga deki naye Jumamosi ile na sikuweza kuongea hata habari za sabuni. Sadaka ya bahasha haijawahi kunifanyia hivyo. Unatia, unapitisha kikapu, watu wawili wasio na undugu wanahesabu, yamekwisha.

Jana ndiyo ilikuwa Jumapili ya tatu, mshumaa wa rangi ya waridi, mshumaa wa furaha. Msomaji wa kwanza akatusomea Wafilipi, furahini katika Bwana siku zote. Watu wakatabasamu. Kisha Luka sura ya 3, na huyo hapo Yohana: enyi wazao wa nyoka! Huwa najiuliza waliopanga masomo haya walikuwa wanacheka au vipi. Lakini makutano wakamwuliza, tufanye nini basi? Naye akawajibu habari ya kanzu mbili, na chakula vivyo hivyo. Msomaji akafika pale Yohana anaposema yuaja mwenye nguvu kuliko mimi, ambaye sistahili kuilegeza gidamu ya viatu vyake.

Nikatazama chini. Mtoto alikuwa amevaa vilevile vya zamani. Visigino amevikanyaga vikawa kama ndala, na kamba ya mguu wa kushoto ilikuwa uzi wa kufumia, wa kijani, umefungwa mafundo matatu. Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa nahesabu mafundo.

Baada ya baraka watu wakabaki kuzungumza kama kawaida. Mama yake akanivuta pembeni, karibu na stoo, ana mfuko mkononi. Akasema, "Shemasi, samahani. Sitaki nionekane mtu wa kuchagua. Vile viatu havimwingii."

"Nambari imekosewa?" nikamwuliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu.

"Nambari niliandika mwenyewe, mwezi wa kumi. Ni mguu ndio haukungoja. Jana nimempima akiwa usingizini, ili asijue. Kidole gumba kimegota mbele, kisigino bado kiko nje." Akanionyesha kwa vidole viwili nafasi iliyobaki. "Nimwombe aliyenunua abadilishe, kama inawezekana, lakini simjui, na sitaki kumjua, maana ndiyo utaratibu. Ndiyo nakuletea wewe."

Nikasema haina shida, dada yangu, nitamfikishia. Akauliza, "Uko naye karibu?" Nikasema karibu sana. Nikafungua mkoba ili nitie ule mfuko, na risiti ilikuwa juu kabisa, imejikunja kama ulimi. Sikuwahi kuitoa. Akaiona. Nikamwona akiiona. Ilikuwa na mstari mmoja tu, viatu vya mtoto, na 31.

Sijui nilitegemea nini. Machozi labda, au aondoke. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Ndiyo maana Jumamosi ulikuwa unapiga deki sehemu moja robo saa."

Tukacheka, shoga, tukacheka mpaka mweka hazina akachungulia. Halafu tukaacha kucheka kwa pamoja, ghafla, na ule ukimya ndio nilioogopa muda wote. Akaniambia mume wake amekaa bila kazi tangu mwezi wa sita. Miezi sita nimekaa nyuma ya benchi lake, nikampa amani ya Bwana kwa mkono huu wa kulia kila Jumapili, na sikuuliza. Yeye naye hakusema. Akasema kuandika ile karatasi kulimchukua siku nne, na kwamba 7 aliiandika upya mara mbili ili isifanane na yake. Nikamwambia mkia ule haufichiki.

Nikajitolea kwenda kubadilisha mwenyewe. Akakataa. "Utarudi na 32, naye atakuwa ameshafika 33. Twende wote, na mwenye miguu awepo." Nikauliza, na siri ya zawadi je? Akasema hilo nimwachie yeye.

Kwa hiyo mwambie mzee wenu ninavyokwambia, au usimwambie. Mimi kura yangu barazani, kama ningekuwa nayo, ningepiga vilevile, majina yasisomwe. Ila lile daftari la namba silitazami tena kama nilivyokuwa nalitazama. Nimemwomba shemasi mwenzangu tukae baada ya Krismasi tulizungumze, naye ameniuliza kama nimevunja kanuni. Nikamwambia tutazungumza.

Jumapili hii ni mshumaa wa nne, somo ni Mariamu kwa Elisabeti, na kwaya hatimaye imeruhusiwa wimbo mmoja wa horini, mwishoni, wa kutokea. Niandikie kama shada limetoka stoo. Kama halijatoka, ninyi wanne mnaokaa nyuma washeni mshumaa mmoja nyumbani kwako na mkaribisheni mzee huyo. Akija, mwacheni aombe yeye.

Kesho saa kumi tunakwenda, sote watatu. Mtoto ameambiwa anakuja kutusaidia kubeba mizigo.

Wako wa benchi la nyuma