Uanaume wa bahasha

Mhariri,

Jumamosi iliyopita kanisa letu la kiinjili hapa Nakuru liliandaa kiamsha kinywa cha wanaume. Chai, mandazi, viazi vitamu, na somo la Waefeso 5: mume ni kichwa. Mstari wa 21, unaotaka watu wanyenyekeane, ulirukwa. Kabla ya maombi akaingia mwanasiasa na walinzi wake, akapewa maikrofoni, akatwambia nchi inataka wanaume kamili. Bahasha ya kaki ikapita mkono kwa mkono hadi kwa mchungaji. Tukapiga makofi, nami nikiwemo.

Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwafungia wanasiasa mimbari za Kianglikana. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto akawakataza maafisa wa umma kushiriki harambee. Bahasha hazikusikia. Na vijana wale, wasichana wakiwa mbele, walikabili vitoa machozi bila kuhubiriwa ujasiri na yeyote.

Njiani mwanangu akaniuliza: baba, mwanamume kamili ni aliyetoa au aliyepokea? Nikamwambia tuwahi matatu.

Mshirika,
Nakuru