Mmetuandikia gauni, mkamwacha mwenye gauni

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Mikindani. Juzi binti mmoja anayejiandaa na sendofu aliniletea ukurasa wa gazeti lako wenye picha ya mwigizaji wa filamu Audrey Hepburn na lile gauni lake jeusi. Alikuwa ameukunja mara nne ndani ya pochi, mkunjo umepita katikati ya uso. "Fundi, nataka hivi hivi, na kiuno kiwe hivi hivi." Akaniambia wiki ya pili sasa hali chakula cha usiku ili apungue.

Niliisoma habari yote kabla sijashika futi kamba. Gauni limeelezwa, mkufu umeelezwa, waume wawili wametajwa. Kwamba mama huyu aliwahi kukaa na njaa, hakuna hata sentensi moja.

Alizaliwa Ubelgiji mwaka 1929, Vita vya Pili vya Dunia vikamkuta Uholanzi, nchi ya mama yake. Mwaka 1944 wafanyakazi wa reli waligoma kuwapinga Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi, nao Wajerumani wakazuia shehena za chakula. Baridi ilipokaza, mifereji ikaganda na vyombo vya majini vikashindwa kupita. Watu wapatao 20,000 walikufa. Audrey alikuwa na miaka 15. Baadaye alisimulia kwamba walikula hata vitunguu vya maua ya tulipu. Vita vilipokwisha alikuwa na upungufu wa damu na mwili umevimba maji.

Sisi wa kusini tunaielewa habari hiyo bila kufafanuliwa. Bibi yangu wa Newala alitusimulia mwaka ambao mvua ilikata na muhogo ukawashinda, wakaingia porini kuchimba ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa. Leo tunainunua kwa mafungu, tunaitafuna jioni kwa chumvi na pilipili. Mwaka ule ndiyo ilikuwa mlo wa mchana na wa usiku. Mpaka uzeeni, mtoto akidondosha kipande cha mng'oko, bibi alikiokota, akakipuliza mchanga, akakila, huku akitutazama bila kusema neno.

Ndiyo maana sishangai alichokuja kukifanya Audrey. Alipata tuzo ya filamu ya Oscar mwaka 1954, sifa zikamjaa dunia nzima, na bado alikataa kuigiza kama Anne Frank, binti wa Kiyahudi aliyezaliwa mwaka mmoja naye na kufia katika kambi ya Wanazi. Kumbukumbu zilikuwa chungu mno kwake. Baada ya mwaka 1967 alipunguza sana filamu, akalea wanawe wawili. Chakula cha msaada kilicholetwa baada ya vita hakukisahau, na mwaka 1988 alikubali kuwa balozi wa UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto. Safari yake ya kwanza ilikuwa Ethiopia. Septemba 1992 alikwenda Somalia katikati ya njaa na mapigano, na Januari 1993 akafariki kwa saratani, akiwa na miaka 63. Aliamini kwamba kumlisha mtoto hakuna siasa ndani yake, na aliiishi imani hiyo mpaka nguvu zilipomwishia.

Hata gauni lenyewe, Mhariri, lina habari kubwa kuliko mliyotupa. Moja ya yale meusi ambayo mbunifu wa mavazi Givenchy aliyashona kwa ajili ya filamu yake Audrey ya mwaka 1961 liliuzwa mnadani London mwaka 2006 kwa zaidi ya pauni 460,000, na fedha zikaenda kusaidia watoto maskini wa India. Mimi ninayeishi kwa sindano nilitamani sana kuliona hilo kwenye ukurasa wenu.

Waigizaji wetu wa kike wa Bongo Movie nao mnawaandika kwa mtindo huo huo: wigi, gari, nani kaachana na nani. Naomba siku moja mmkalishe mmojawapo, mumuulize anaamini nini, nani alimfundisha, na imani hiyo imemgharimu nini. Mchapishe majibu yake marefu hivyo hivyo. Tutayasoma.

Yule binti nilimsimulia yote haya, ya Uholanzi na ya Newala, nikiwa nampima. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ming'oko bado inauzwa pale kituoni. Gauni nimelikata kwa kiuno chake mwenyewe, na nimeacha inchi moja ya akiba kwenye mshono.

Wako,
Fundi cherehani,
Mikindani, Mtwara