Blichi ya kuoshea kuta msipime kwa pua

Mhariri, salamu kutoka Mikindani. Naomba nafasi niseme na hawa vijana wa kuosha nyumba kwa mashine ya presha, maana masika yakiisha kila ukuta huku unakuwa mweusi kwa ukungu, bahari hiyo hapo, na wao ndo wanapata kazi.

Juzi kaja mmoja kwangu, mchapakazi sikatai, kamimina blichi kwenye ndoo, kanusa, kaongeza maji, kanusa tena, "hapo poa mama". Namuuliza mwanangu, hilo dumu nguvu ya blichi yake asilimia ngapi? Hajui! Sasa hapo ndo shida yenyewe, blichi ya chupa ya dukani mara nyingi ni asilimia 3 mpaka 5, ile ya dumu ya mabwawa ya kuogelea inafika 10 hata 12, ukizipimia sawa moja haitoi ukungu na nyingine inakula rangi. Ukuta asilimia 1 inatosha, yani ile ya 12 lita moja kwa maji lita 11, ile ya 4 lita moja kwa maji lita 3, weka sabuni kidogo ishike, subiri dakika 10 isikauke, suuza. Na dumu likikaa juani nguvu inapungua, kwa joto letu hili ndo usiseme.

Ukungu ulipogoma akachukua dawa ya choo aongezee "iwe kali". Nikamshika mkono! Ile nyingi ni asidi, ikikutana na blichi inatoka gesi ya klorini inayochoma macho na kubana kifua, watu wanalazwa kwa hiyo.

Nilichochelewa kuona ni gata. Alipanda kwenye bati na maji yote ya blichi yakaingia kwenye simtanki langu la maji ya mvua, nikamwaga lita 1,000 nzima, na mpapai majani yameungua kwa kuwa hakuumwagia maji kabla. Gata linachomolewa kwanza jamani. (Na zile nyumba za zamani za mawe na chokaa presha kubwa msipeleke kabisa, inabandua.)

Wauzaji wa blichi nao, mnaihamishia kwenye madumu ya mafuta ya kula bila kuandika chochote, fundi atajuaje asilimia? Andikeni hata kwa makapeni.

Mama Mpapai,
Mikindani, Mtwara