Barua ya wazi kwa wanakwaya na kina mama wa mialoni: mwacheni mfiwa aimbe mwenyewe

Wanangu wapendwa wa Kirumba, Igombe na visiwa vya Ukerewe,

Nawasalimu kwa upendo. Nawaandikia kuhusu misiba ya majini, kwa sababu naona tunawaimbia sana wafiwa na kuwaachia nafasi ndogo mno ya kuimba wenyewe.

Ziwa letu, Victoria, limetuachia vilio vingi. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa karibu kufika Mwanza, na wengi wa waliopatikana bila kutambuliwa walizikwa Igoma. Kivuko cha MV Nyerere kikapinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Mbali na misiba hiyo iliyotangazwa nchi nzima, mitumbwi imeendelea kupotea na watu wake bila bendera kushushwa, na wapo kina mama kati yenu ambao hawana hata kaburi la kupalilia.

Mbolezi, yaani wimbo wa kumlilia marehemu, waliyoijua bibi zetu haikuwa wimbo wa kukariri. Mwanzishaji alighani maneno yaliyomjia pale pale, akamwita marehemu, akamlaumu kwa kuondoka, akamwuliza nani atalipa deni la nyavu, na wenzake wakampokea kwa kiitikio kifupi ambacho kila mtu aliweza kukishika. Wanaouita ushenzi wafungue Yeremia 9:17, ambapo Bwana anaagiza waitwe wanawake waombolezaji. Kitabu kizima cha Maombolezo kimejaa malalamiko ambayo leo, mtu akiyatoa chini ya turubai, tungemwambia ajikaze.

Kiwewe hukaa mwilini. Aliyeshtuka hupumua juu juu, kifua kinabana, koo linakaza na maneno yanakataa kutoka. Anayeimba hulazimika kuvuta pumzi na kuitoa polepole, na pumzi ndefu ya kutoka hupunguza kasi ya moyo. Zaidi ya hapo, anayebuni maneno yake huamua mwenyewe aseme nini na anyamaze wapi, na mtu aliyepatwa na jambo asiloweza kulizuia anauhitaji sana uamuzi huo.

Yuko mwenzetu ambaye mumewe alizama akivua dagaa. Kila msimu wa giza, zile siku zisizo na mbalamwezi ambapo dagaa huvuliwa kwa taa, taa za wavuvi zilipoanza kuwaka ziwani, alifunga dirisha la upande huo na kukesha jikoni. Kwenye matanga kwaya zilimwimbia habari za mbinguni kwa spika kubwa, naye akakaa kimya akitazama mkeka. Miezi mingi baadaye kina mama wachache walikaa naye uani, wakashika sauti moja ya chini, midomo imefumbwa, na mmoja akamwuliza tu alimwitaje mumewe nyumbani. Akaliita jina hilo kwa kunong'ona, kisha kwa kulivuta. Akaanza kumweleza habari za koti la mvua lililobaki msumarini, ada ya mtoto, na hasira yake kwamba alitoka usiku ule upepo ukivuma. Wenzake walirudia jina na hawakuongeza neno. Hasira hiyo hakuwahi kumwambia mtu. Ilibidi airudie mara nyingi, wiki baada ya wiki, kabla usingizi haujamrudia.

Basi nawaomba mfanye hivyo hivyo. Msingoje msiba mpya. Watafuteni wale ambao turubai lao liliondolewa zamani. Kaeni wachache, mahali pa faragha, na simu zizimwe, kwa kuwa kilio cha mtu si cha kurushwa mtandaoni. Msimsahihishe sauti wala imani yake anapomlaumu Mungu. Asiyetaka kuimba aitikie, na asiyetaka kuitikia akae nanyi tu. Mkiona ameganda, macho yametoka na hajui alipo, acheni wimbo mara moja, mwiteni jina, mpeni maji, mwambieni akanyage chini na kutaja vitu anavyoviona.

Halafu yuko yule ambaye halali kabisa, au anasema hataki kuishi. Huyo msimwimbie mkadhani mmemaliza. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, Bugando au kituo kilicho karibu, na mmoja wenu akae naye kwenye foleni mpaka aonwe na mtaalamu.

Ni mimi mama yenu mzee,
Mwanza