Kwa Mpwa Wangu Upitaye Lugalo Kila Juma

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu kutoka Iringa. Mama yako hajambo. Nimeona nikuandikie hadharani, kwa kuwa tuliyozungumza siku ulipoegesha lori hapa nyumbani hayakuhusu wewe peke yako. Nilikuuliza kama umewahi kusimama kwenye mnara wa Lugalo, ukanijibu kwamba kwa miaka yote unayotokea Morogoro ulidhani ni kaburi la mtu aliyepata ajali. Sikukucheka, maana hata mimi niliupita ndani ya mabasi miaka mingi, mawazo yangu yote yakiwa kwenye bei ya vitunguu vya Ilula.

Mahali pale, tarehe 17 Agosti 1891, wapiganaji wa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walijificha vichakani wakikisubiri kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo. Kikosi kilikuja katika mstari mrefu, mizinga ikiwa imefunguliwa vipande vipande na kubebeshwa punda, hivyo waliposhtuka mikuki ilikwisha kuwafikia. Pigano lenyewe lilikuwa la dakika chache tu. Zelewski aliuawa, wakauawa pamoja naye Wajerumani wenzake kadhaa na askari zaidi ya 200, ambao walikuwa Waafrika waliokodiwa kutoka mbali, na Wahehe wakajitwalia bunduki zipatazo 300.

Sasa sikiliza linalonisumbua. Mnara ule hawakuujenga walioshinda. Wajerumani walirudi wakiwa wamejipanga upya, wakaiteka ngome ya Mkwawa ya Kalenga mwaka 1894, na ndio walioweka jiwe la kuwakumbuka wenzao. Kwa maneno mengine, alama kubwa ya ushindi wetu barabarani tumerithi kwa walioshindwa, na mgeni anayeusoma mnara huo bila mtu wa kumsimulia ataondoka akimhurumia Nyundo.

Sisi historia yetu tuliiweka kwenye majina. Iringa lenyewe limetokana na neno la Kihehe *lilinga*, yaani ngome, na kambi ya jeshi ya Lugalo kule Dar es Salaam, unayoipita ukielekea Mwenge, imebeba jina la mahali pale pale. Fuvu la Mkwawa, aliyejiua Mlambalasi mwaka 1898 ili asikamatwe, lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na limehifadhiwa Kalenga. Huko angalau kuna mtu wa kukueleza.

Wapo wanaotaka mnara ubomolewe. Mimi siafiki, kwa sababu jiwe hilo ni ushahidi kwamba wenye mizinga walikiri kupigwa. Ninachotaka ni kibao cha pili kando yake, chenye sentensi mbili za Kihehe na mbili za Kiswahili, kinachotaja upande uliokuwa vichakani. Wazee watatu wa hapa kijijini tayari tumeketi kuyapima maneno, na tumebishana jioni nzima juu ya neno moja, iwapo tuseme "waliwavizia" au "waliwasubiri".

Kwa hiyo nina ombi. Juma lijalo usimamishe lori hapo, upime kwa hatua umbali uliopo kati ya mnara na ukingo wa lami, kisha unitumie ujumbe. Wewe ndiye unayejua dereva aliye kwenye mwendo anasoma herufi za ukubwa gani.

Mjomba wako